Friji ya gesi ya karavani isiyokubali kubaki imewaka: dalili, sababu na mahali pa kuacha

Malalamiko ya wenye friji ndogo za gesi katika mwambao wa Ziwa Victoria yanafanana sana. Friji inaweza kuwa imefungwa ndani ya gari la kambi linaloelekea Serengeti kupitia lango la Ndabaka, au imeng'olewa kwenye karavani kuukuu, yaani nyumba ndogo ya kukokotwa na gari, na kuwekwa katika kibanda cha ufukweni ili kupoza soda na maji ya wavuvi. Kote tatizo linaelezwa kwa maneno yaleyale: moto unawaka, mwenyewe anaondoa kidole kwenye kitufe, na moto unazimika. Wengine husema unazimika baada ya robo saa, wengine husema unazimika adhuhuri tu, na wengine huamka alfajiri na kukuta maziwa yameharibika. Muda ambao moto unazimika ndio unaoonyesha kasoro iko wapi, na kwa sababu hiyo maelezo haya yamepangwa kwa kufuata dalili.

Moto huu unalindwa na nini

Friji ya aina hii haina kompresa. Nyuma yake kuna mabomba ya chuma yaliyofungwa moja kwa moja kiwandani, na ndani yake mna maji, amonia na haidrojeni. Moto mdogo unaowaka chini ya bomba la kuchemshia huitenga amonia na maji. Amonia hupanda ikiwa mvuke, hupoa na kuwa kimiminika, kisha huvukiza tena karibu na kabati la vyakula na kulinyang'anya joto. Mfumo huu ulibuniwa Sweden mwaka 1922 na Baltzar von Platen na Carl Munters waliokuwa bado wanafunzi, na friji za karavani za leo bado zinaufuata.

Kando ya kichomeo, yaani mahali gesi inapowakia, kuna kijiti chembamba cha metali kinachoitwa themokapo. Ncha yake ikikaa ndani ya moto huzalisha umeme mdogo sana, wa milivolti chache, na umeme huo ndio unaoishikilia sumaku iliyo ndani ya vali ya gesi. Moto ukizimika, ncha inapoa, umeme unakwisha, sumaku inaachia, na vali inajifunga yenyewe ndani ya dakika moja hivi. Kitufe unachobonyeza wakati wa kuwasha kinaifungua vali kwa nguvu ya mkono hadi themokapo ipate joto la kutosha kuichukua kazi hiyo.

Nimeona katika duka moja la ufukweni kitufe kilichofungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, umezungushwa mara kadhaa na kukazwa kwa fundo nyuma ya paneli, ili kibaki kimebonyezwa usiku kucha. Plastiki ya kitufe ilikuwa imeshaanza kupinda. Friji ilipoza vizuri, na mwenye duka alilala chumba hichohicho. Upepo ungeuzima moto ule hata mara moja tu, gesi ingeendelea kutoka hadi mtungi umalizike. Naomba kila anayesoma maelezo haya ayafanye yote yanayofuata, au asiyafanye hata moja, lakini asikifunge kitufe.

Kabla ya kugusa kitu

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, hutambaa sakafuni, huingia kwenye mitaro, na ndani ya mtumbwi au boti hutuama chini kabisa, karibu na injini ya petroli. Kwa hiyo fungua milango na madirisha, zima kila moto ulio karibu, na uufunge mtungi kila unapotaka kufungua nati yoyote. Uvujaji hupimwa kwa povu la sabuni lililopakwa kwenye viungo vyote, kuanzia kichwa cha mtungi hadi nyuma ya friji. Mapovu yakikua, hapo panavuja. Hakuna kupima kwa kiberiti, hata kwa haraka, hata mkiwa nje.

Hakikisha pia kwamba mtungi umesimama wima. Hapa Mwanza mitungi mingi hufika nyumbani ikiwa imelazwa nyuma ya bodaboda, na mtungi uliolala hupeleka gesi ikiwa bado kimiminika, badala ya mvuke, kwenye regulata, kifaa kinachopunguza shinikizo la gesi ya mtungi. Uache usimame kwa muda kabla ya kuufunga kwenye friji.

Dalili ya kwanza: moto unazimika mara tu unapoachia kitufe

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko zote, na sababu yake ya kawaida haigharimu hata shilingi: kitufe hakikubonyezwa kwa muda wa kutosha. Baada ya kubadilisha mtungi, mpira wote kuanzia regulata hadi friji umejaa hewa, na hewa hiyo lazima itoke kwenye nozeli, kipande kinachoingiza gesi kwenye kichomeo, chenye tundu dogo kuliko ncha ya sindano. Jambo hili linaweza kuchukua dakika moja au zaidi. Moto ukishawaka, endelea kubonyeza kwa sekunde 20 hadi 30 nyingine ili themokapo ishike joto, kisha uachie polepole. Ikiwa friji haijawashwa kwa miezi mingi, rudia hatua hiyo mara kadhaa kabla ya kuhukumu kwamba kuna kilichoharibika, huku ukiacha nafasi ya dakika chache kati ya jaribio na jaribio ili gesi isiyowaka itawanyike.

Ikiwa bado unazimika, utazame moto wenyewe. Friji nyingi zina kitundu cha kioo chini kushoto ndani ya kabati, au kifuniko kidogo nyuma kinachofunguliwa kwa bisibisi. Ncha ya themokapo inatakiwa iwe ndani ya moto wa buluu, sehemu ya juu yake. Mara nyingi utaikuta imesogea kando kwa mtikisiko wa barabara, au imefunikwa na masizi na kutu. Funga gesi, subiri ipoe, ifute ncha kwa kitambaa kikavu au msasa laini sana, kisha uirudishe mahali pake na kukaza skrubu inayoishikilia.

Kiungo cha themokapo na vali, upande wa pili, husahaulika na wengi. Umeme unaopita hapo ni mdogo kiasi kwamba utando mwembamba wa ukungu wa kutu unatosha kuuzuia, na unyevu wa ziwani hauwasamehe watu wanaoegesha karibu na maji. Fungua nati, safisha uso wa kiungo kwa kitambaa kikavu, kisha irudishe kwa vidole hadi igote na uongeze robo mzunguko tu kwa spana. Anayekaza kwa nguvu zote huponda kihami kilicho ndani, na hapo themokapo nzima hulazimika kubadilishwa.

Kama moto ni mdogo, unasinzia, au haufiki kwenye ncha ya themokapo, lawama ihamie kwenye nozeli. Tundu lake likizibwa nusu, gesi inayopita haitoshi kuipasha themokapo moto. Hapa ndipo friji nyingi huharibiwa na mkono wa haraka: mtu anachukua sindano au uzi mmoja wa waya wa breki na kulichokoa tundu. Tundu hilo limepimwa kwa usahihi mkubwa. Likipanuka hata kidogo, gesi inakuwa nyingi kuliko hewa, moto unageuka wa njano na masizi yanaanza. Ing'oe nozeli kwa spana mbili, moja ikishikilia bomba lisijipinde, iloweke kwenye spiriti ya kusafishia vidonda kwa saa kadhaa, ipulize kwa hewa, iache ikauke kabisa, kisha uitazame dhidi ya mwanga. Ukiona nukta ya mwanga iliyo duara safi, irudishe. Usipoiona, nunua nyingine yenye namba ileile iliyochongwa ubavuni mwake.

Baada ya hayo yote, kilichobaki ni themokapo yenyewe au sumaku ya vali. Fundi mwenye mita anaweza kuzitofautisha: themokapo ikitolewa kwenye vali na ncha yake ikapashwa kwa moto wa kiberiti cha gesi, inapaswa kutoa zaidi ya milivolti 20 za mkondo wa moja kwa moja (DC). Ikitoa chini ya 15, ibadilishwe. Ikitoa umeme mzuri na moto bado unazimika, sumaku ya vali imechoka. Themokapo ni kifaa cha kawaida kinachobadilishwa bila shida kubwa, mradi urefu na uzi wa nati vilingane na ile ya zamani. Vali ni kazi ya fundi wa gesi, kwa sababu kosa dogo la kuifunga linaacha mlango wa gesi wazi.

Dalili ya pili: unawaka dakika chache, kisha unazimika bila kuguswa

Moto ukidumu dakika tano, kumi au robo saa, ujue themokapo ilikwishashika na kasoro imejitokeza baadaye, joto lilipopanda.

Sababu ya kwanza ni ukosefu wa hewa. Friji ya karavani ilitengenezwa kukaa kwenye ukuta wenye matundu mawili, moja chini la kuingizia hewa safi na jingine juu la kutolea joto na moshi. Inapong'olewa na kusukumwa kwenye kona ya duka la mabati, hewa iliyotumika hukosa njia na hurudi kwenye kichomeo. Moto hupungua taratibu, hubadilika rangi na kuzimika. Tena, themokapo hutoa umeme kwa kutegemea tofauti ya joto kati ya ncha iliyo motoni na ncha iliyo kwenye vali. Nyuma ya friji pakigeuka tanuru, tofauti hiyo hupungua, umeme hushuka, na sumaku huachia hata kama moto ulikuwa haujafa. Kipimo chake ni rahisi: itoe friji mahali ilipo, iweke nje penye kivuli pasipo na upepo, uiwashe. Ikidumu huko, usinunue kipuri chochote. Tengeneza matundu.

Sababu ya pili ni mtungi unaokaribia kwisha. Friji ndogo ya karavani hutumia gesi kati ya gramu 250 na 400 hivi kwa siku, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 unaweza kuihudumia kwa muda wa wiki mbili hadi tatu, ukiwa haushirikiani na jiko. Usiupime kwa kuutikisa. Upime kwa mizani na kutoa uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa kwenye mtungi wenyewe.

Kisha kuna regulata, na hapa natamani watu wangekuwa wakali zaidi na wauzaji. Friji ina kibandiko, ndani ya mlango au nyuma, kinachotaja shinikizo inalolihitaji: milibari 28, 30, 37 au 50, kulingana na nchi ilikotengenezwa, na baadhi huandika kilopaskali 2.8, ambazo ni sawa na milibari 28. Regulata za majumbani nyingi hutoa takriban milibari 30. Zile za majiko makubwa ya mama lishe na ya hoteli, zenye kishikio cha kuongeza na kupunguza, hutoa shinikizo kubwa mara nyingi zaidi. Zikifungwa kwenye friji, moto huruka juu ya kichomeo, huvuma, na kuzimika kwa sababu hauigusi themokapo, huku vali na viungo vikibeba mzigo ambao havikuundiwa. Ukiona mtu anataka kuifungia friji yako regulata ya aina hiyo, mzuie. Wala mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo cha juu usiunganishwe na friji bila regulata kwa kisingizio chochote.

Regulata iliyo sahihi nayo huzeeka. Gesi hubeba mabaki ya mafuta mazito yanayojikusanya ndani yake na kwenye mpira, hasa mpira ukiwa umelegea na kufanya tumbo chini. Ukiufungua na kukuta unyevunyevu wa rangi ya kahawia wenye harufu kali, badilisha mpira na regulata kwa pamoja, kisha safisha nozeli. Mpira uwe wa gesi, wenye maandishi ya gesi na tarehe ubavuni, na ushikwe kwa klipu za skrubu, si kwa waya wa kufungia nondo.

Mwinuko wa nchi yetu nao una neno. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia kumi. Watengenezaji wa friji hizi wenyewe hutahadharisha kwamba kuanzia mita 1,000 uwashaji unaweza kusumbua. Kwa hiyo friji iliyokuwa ikiwaka bila shida Dar es Salaam inaweza kuhitaji kusafishwa kichomeo na bomba la moshi ndipo itulie Mwanza, na anayepanda hadi ukingo wa Ngorongoro, penye zaidi ya mita 2,000, ajiandae kutumia umeme wa gari. Uchafu mdogo ambao pwani haukuonekana, huku juu unatosha kuuzima moto.

Dalili ya tatu: unazimika upepo ukivuma

Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku hugeuka kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Anayeegesha kwenye fukwe za Kayenze au Igombe, karibu na Mwanza, huku matundu ya friji yakitazama maji ataona moto ukizimika mchana na kukaa usiku. Akigeuza gari, mambo hugeuka pia. Kabla ya kufungua chochote, andika saa ambazo moto huzimika kwa siku mbili tatu. Zikifuata upepo, egesha gari ili upepo wa saa unazozihitaji zaidi upige ubavu usio na matundu.

Friji ikiwa imezingirwa vizuri, upepo wa kawaida haupaswi kuuzima moto wake. Angalia kama kifuniko cha bati kinachozunguka kichomeo kipo, kwa maana mafundi wengi hukitoa wakati wa kusafisha na kukisahau juu ya meza. Angalia kofia ya bomba la moshi, na kama bomba lenyewe limekaa sawasawa juu ya lile la kuchemshia. Kwa friji iliyotolewa karavani na kuwekwa dukani, kipande cha bati kilichosimamishwa mbele ya tundu la chini, umbali wa kiganja kimoja, huvunja upepo bila kuzuia hewa. Kuziba matundu kwa magazeti au kwa turubai ni kosa la hatari: moto hautazimwa na upepo, lakini hewa yenye sumu itabaki ndani pamoja na wewe.

Upepo wa ziwani pia huleta wadudu. Wale wadogo wanaoibuka majini kwa makundi makubwa, hasa mwezi unapoandama, na kuonekana kwa mbali kama moshi uliosimama juu ya ziwa, hufuata mwanga na kujaa kwenye kila tundu. Mizoga yao hutengeneza tabaka laini juu ya kichomeo na kwenye mwanya wa kuingizia hewa kando ya nozeli. Buibui husuka humohumo, na nyigu wa udongo hujenga kwenye mwisho wa bomba la moshi friji ikikaa wiki chache bila kuwashwa. Ondoa kifuniko, piga brashi kichomeo kwa mswaki wa zamani, na uchungulie bomba la moshi kwa tochi kabla ya kila safari. Wavu wa chuma wenye matundu ya milimita mbili hivi kwenye tundu la nje huwazuia wadudu wakubwa, mradi ukumbuke kuusafisha. Wavu wa chandarua ni mwembamba mno na utaiba hewa.

Dalili ya nne: unawaka saa nyingi, unazimika friji ikishapoa

Dalili hii huwachanganya hata mafundi, kwa kuwa kila kitu kinaonekana kizima. Friji za zamani zina themostati ya gesi: kabati likifikia ubaridi uliochaguliwa, themostati hupunguza gesi na kubakiza moto mdogo tu, unaopitia njia ya pembeni yenye tundu lake dogo. Tundu hilo likiziba, moto mdogo haupatikani, na friji huzimika katika saa ileile ambayo imefaulu kupoza.

Thibitisha hivi: weka themostati kwenye namba ya juu kabisa na uiache usiku mzima. Ikibaki imewaka, kisha ikizimika ukiirudisha chini, umeipata kasoro. Unaweza kuendelea kuitumia kwenye namba ya juu kwa siku chache, ukiwa mwangalifu vyakula visigande, hadi fundi wa gesi aisafishe njia ya pembeni. Skrubu iliyofunikwa kwa rangi ya muhuri isiguswe na mwenye friji.

Dalili ya tano: hauwaki kabisa

Sikiliza kwanza. Ukisikia mlio wa spaki lakini hakuna moto, gesi haifiki: mtungi umefungwa, umekwisha, au nozeli imeziba. Usiposikia mlio, angalia waya wa spaki na ncha yake, ambayo inatakiwa kuwa milimita 3 hadi 5 kutoka kwenye kichomeo, na kigae chake cha kauri kisiwe na ufa. Friji zenye bodi ya kielektroniki huhitaji umeme wa betri wa volti 12 hata zinapotumia gesi. Betri ikishuka, au waya wa ethi, unaounganisha umeme na bodi ya gari, ukila kutu, bodi hujaribu mara chache kisha hujifunga na kuwasha taa ya onyo. Zima, subiri kidogo, chaji betri, safisha ethi, washa tena.

Dalili ya sita: moto wa njano na masizi

Moto wa friji unapaswa kuwa wa buluu na uliotulia. Ukiwa wa njano na ukiacha weusi, gesi haiungui yote, na matokeo yake ni kaboni monoksidi, hewa isiyoonekana wala kunusika, inayoua watu waliolala. Zima friji leo, si kesho. Sababu kwa mpangilio wa kawaida ni mwanya wa hewa ulioziba, bomba la moshi lenye masizi au kutu, nozeli iliyopanuliwa, na regulata isiyo sahihi.

Ndani ya bomba la moshi huning'inia kipande cha bati kilichosokotwa, kinachosaidia joto likae. Kichomoe kwa kukivuta juu kwa waya wake, funika kichomeo kwa kitambaa, pitisha brashi ya chupa ndani ya bomba, na urudishe kila kitu kwa urefu uleule kilivyokuwa. Kutu inayoanguka kutoka kwenye kipande hicho hutua moja kwa moja juu ya kichomeo, na mtu anayesafisha bomba bila kukifunika kichomeo hutengeneza tatizo la kwanza wakati anamaliza hili.

Dalili ya saba: moto unabaki, lakini friji haipozi

Ilaze chupa ya maji iliyojaa nusu juu ya sakafu ya friji, kwa urefu na kwa upana, utazame maji yamekaaje. Friji iliyoinama huzuia kimiminika kisirudi kwenye bomba la kuchemshia, na ikiendelea kuwaka hivyo kwa muda mrefu mfumo huharibika moja kwa moja. Miteremko ya Mwanza yenye mawe inawatesa wengi kwa hili. Friji iliyosafirishwa ikiwa imelala isimamishwe kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa, na ipewe saa nyingi za kupoa kabla ya kuwekewa samaki au vinywaji vya moto. Ikiwa imesimama sawa, moto ni mzuri, bomba la nyuma lina joto, na bado haipozi baada ya siku nzima, mfumo wa amonia umeisha. Hauna mahali pa kujazia, kwa hiyo fundi anayeahidi kuujaza anakudanganya au hajawahi kuona friji ya aina hii.

Mahali pa kuacha

Funga mtungi, toka nje na usirudi kwenye kazi hiyo mwenyewe ukikutana na mojawapo ya mambo haya. La kwanza ni harufu ya gesi isiyokwisha baada ya kukaza viungo. Usiwashe wala kuzima taa, usitumie simu ndani. Nje piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. La pili ni harufu kali ya amonia inayochoma macho, au unga wa njano kwenye mabomba ya nyuma. Unga huo unatokana na dawa ya kuzuia kutu iliyo ndani ya mfumo, nayo ni sumu; usiufute kwa mkono mtupu, usiruhusu watoto wausogelee, na usikubali mtu yeyote achomelee mabomba hayo, kwa sababu ndani yake mna haidrojeni iliyoshindiliwa. La tatu ni kichwa kuuma au kichefuchefu kwa watu wawili au zaidi waliokaa chumba kimoja na friji inayowaka.

La nne halina harufu, nalo ni vali iliyokwama ikiwa wazi. Ipime mara moja kwa mwezi: friji ikiwa imewaka vizuri, funga gesi kwenye mtungi, moto ufe, kisha utege sikio karibu na vali. Ndani ya dakika moja unapaswa kusikia mlio mmoja mkavu wa sumaku kuachia. Usipousikia, friji hiyo haina ulinzi hata kama inapoza kuliko zote ufukweni, na isitumike kwa gesi hadi vali ibadilishwe.

Gesi ifungwe mtungini pia kabla ya kuingia kituo cha mafuta na kabla ya gari kupanda kivuko chochote, kiwe cha Kamanga au cha Kisorya. Vyakula vilivyopoa vitavumilia muda huo mlango usipofunguliwa.

Unapomwita fundi, mwite wa mifumo ya gesi, kwa maana fundi hodari wa friji za kompresa anaweza kuwa hajawahi kushika kichomeo. Mpe rangi ya moto, muda unaodumu kabla ya kuzimika, saa za siku unapozimika, na aina ya regulata iliyofungwa, na umwonyeshe kibandiko cha friji kinachotaja shinikizo. Akianza kwa kuomba sindano ya kuchokolea nozeli, tafuta mwingine.